Murunga Atumwa Kumwita Mkunga

Usiniambie mume wangu Murunga alikuwa mjinga. Afadhali angekuwa mjinga, ningejua moja. Akili yake ilikuwa kama ng'ombe asiye na mchungaji: anakula anapotaka, na akipata nyasi tamu, hata umpigie kelele hageuki. Nyumba yetu aliiezeka upande mmoja, akaona mbwa anachechemea, akateremka kumtibu mbwa. Mbwa akapona. Sisi tukanyeshewa masika yote.

Tulikuwa tunakaa shambani kwa mzungu, barabara ya Eldoret kwenda Soy, miaka ile ya magari ya ng'ombe. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni kwa kukosa mkunga. Kwa hiyo uchungu wa pili uliponianza alfajiri, nilimshika Murunga shati.

"Nenda shamba la pili, mwambie kaka yangu amlete mama. Na usisimame popote!"

Mkunga alikuwa mama yangu mzazi. Murunga akatoka mbio, haki ya Mungu, mbio kabisa. Nia alikuwa nayo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Wepukhulu, dereva wa gari la ng'ombe lililokuwa limezama matopeni kule bondeni. Murunga alipofika akapunguza mwendo, akachungulia gurudumu. Basi, kwisha! Akavua shati, akalala kwenye tope, akachimba, akakata matawi, akawapigia ng'ombe kelele. Uchungu wangu ukamtoka kichwani kabisa.

Na juu ya gari hilo, jamani, alikuwa ameketi nani? Mama yangu! Alikuwa ameota vibaya, akaomba kubebwa aje kunijulia hali. Lakini kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Alipomwona Murunga akajifunika shuka kichwa kizima, akanyamaza hivyo hivyo mpaka jua likapanda. Hakujua naumwa, angejua, angevunja mwiko siku hiyo. Wepukhulu naye hakujua hao ni wakwe. Na Murunga? Murunga alikuwa na gurudumu.

Gari likatoka. Mama akanikuta nimeuma blanketi, nimeshakata tamaa. Mtoto alizaliwa kimya, kitovu kimemzunguka shingoni. Mama akamfungua, akampulizia, akamchapa, mimi nikimlilia Mungu, mpaka mtoto akalia. Kidogo tu tungemzika na huyo.

Jioni Murunga akasimama mlangoni, amekasirika yeye!

"Mama yako ni mtu wa kutembea-tembea! Nimekaa kwa kaka yako tangu saa nane namngoja, hayuko!"

Nyuma ya pazia mama akavuta shuka akajifunika tena.

"Mama alikuwa juu ya lile gari," nikasema. "Ulimchimbua mwenyewe matopeni, asubuhi nzima."

Nikangoja. Nikasema moyoni, sasa ataniuliza habari ya mtoto.

"Lile gari?" Uso ukamng'aa. "Nekoye, ungeliona lile gurudumu! Ekseli imepinda, Wepukhulu ameshindwa, mimi nikatia jiwe hapa, halafu nikatia tawi hapa..."

Mtoto akaanza kulia. Murunga akapaza sauti, ili nimsikie vizuri.