Risiva ya Mama

Mtu akiniletea boksi na kuniambia, "Fundi, hii hom thieta ina wati elfu mbili, imeandikwa hapa," huwa najikaza kisabuni nisimcheke machoni. Wati za kwenye boksi! Hata boksi la viatu ukinipa kalamu nitaliandikia wati elfu kumi. Nimetengeneza amplifaya na spika kwa miaka ishirini na sita, na mita ninayo, ila hiyo ni ya kupimia umeme tu. Sauti sijawahi kuipima kwa mashine. Sauti naipima kwa hili, sikio la kulia, na ndiyo maana mtaa mzima unaniita Fundi Masikio. Wengine jina langu hata hawalijui.

Basi ilipoamuliwa kwamba Mama anunuliwe hom thieta, nani mwingine angechagua?

Mama macho yamekwisha. Presha ya macho ilimla jicho moja, kisha la pili, na tangu mwaka jana anachoona ni mwanga wa dirisha tu. Lakini tamthilia yake ya saa kumi alasiri haachi. Anaifuata kwa sauti: anajua nani kaingia kwa kikohozi, nani anadanganya kwa jinsi anavyovuta pumzi. Tatizo ni ile televisheni yake. Nyembamba, ina vijispika viwili vilivyotazama ukutani, maneno yanatoka utafikiri watu wamefungiwa ndani ya debe. Mama akawa kila baada ya dakika anauliza, "Kasema nini?" na kama hakuna wa kumjibu ananyamaza. Dada yangu, mshonaji wa sare za shule, siku moja alimkuta analia peke yake mbele ya televisheni inayoongea. Tukachanga, mimi na yeye. Fungu lenyewe dogo. Tukikosea, la pili hakuna.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa na wasiwasi na masikio yangu. Kwa miezi mitano hivi kazi zilikuwa zinanirudia. Msusi wa jirani alirudisha amplifaya yake mara mbili: "Fundi, bado inapiga mluzi." Mluzi gani? Nikaweka sikio, kimya. Nikamwambia madraya yake ya nywele ndiyo yamemharibu kichwa, akaondoka amenuna. Akaja kinyozi, naye mluzi. Akaja mwenye ukumbi wa harusi, naye mluzi. Nikawafokea wote. Halafu nikiwa peke yangu nasugua vidole karibu na sikio nione kama nitasikia. Mara nasikia, mara nadhani nasikia. Na waigizaji wa siku hizi nao wanatafuna maneno, nilikuwa najiambia, si kama wa zamani. Seremala akikatwa kidole kimoja anabaki na tisa. Mimi haya yakienda nabaki na nini? Kwa hiyo hom thieta ya Mama niliifanya mtihani wangu. Nikiichagua vizuri, basi wateja ndio wakorofi na mimi ni mzima.

Jumamosi asubuhi nikaenda na dada kwenye duka la vitu vilivyotumika. Duka refu, jembamba, risiva, zile mashine za kusukuma sauti kwenye spika, zimepangwa kwenye rafu hadi darini, pangaboi linazunguka kwa kulalamika. Muuzaji, mzee mnene mwenye miwani, akaanza kutuonyesha kitu kipya: spika tano na sabufa moja, taa za bluu zinacheza mbele.

Dada macho yakamtoka. "Hii nzuri, kaka. Na fungu letu linatosha."

"Hilo ni disko la watoto," nikamwambia. "Spika tano za plastiki! Utasikia milipuko na magari yanagongana. Maneno hutayasikia. Mama anataka maneno."

Nikampa somo pale pale, muuzaji naye akisikiliza. Mwenye fedha kidogo hanunui spika nyingi. Ananunua tatu nzuri, mbili za pembeni na moja ya katikati, maana maneno ya tamthilia karibu yote hutoka ile ya katikati. Sabufa aiache, Mama hahitaji vyombo vitetemeke kabatini. Fedha kubwa iende kwenye spika, halafu risiva atafute iliyotumika, ya miaka ile walipokuwa hawabanii vyuma. Anaiinua. Ikiwa nyepesi, anairudisha kwenye rafu. Haya yote ni kweli hadi leo, na fundi yeyote anayebisha aje. Spika nikapata tatu za mbao, kitambaa kimechanika kidogo pembeni, sauti ya mtu ndani yake imekaa sawasawa.

Risiva zikabaki mbili. Moja ya kijivu, ndogo, ina mikwaruzo, bei yake ya huruma. Nyingine nyeusi, nzito, ukiiinua mgongo unakusema, na bei yake ilimaliza fungu lote.

Hapo nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikamwambia muuzaji azime pangaboi na afunge mlango, na watu wanyamaze. Nikaunganisha ile nyeusi na spika zetu, nikaiwasha bila kupiga muziki wowote, nikapandisha sauti hadi mwisho, nikapiga magoti na kubandika sikio kwenye twita, ile spika ndogo kabisa inayotoa sauti nyembamba. Ndivyo nilivyofundishwa: muziki hausemi ukweli, sikiliza ukimya. Risiva mbovu, ukimya wake una uchafu. Miaka yote nimebandika sikio hilihili kwenye twita, na mara ngapi waya umegusana vibaya ukanipigia kelele mpaka ndani ya ubongo, sina hesabu. Nilikuwa naona ndio ufundi wenyewe. Mafundi wote wa rika langu tuko hivyo.

Ukimya ulikuwa safi kabisa. Furaha ikanipanda.

"Kaka," dada akasema nyuma yangu, "mbona inalia?"

"Inalia nini?"

"Kuna kisauti. Kembamba, kama mbu."

"Basi ni mbu. Muue."

"Kaka, mimi nasikia kabisa..."

"Wewe unashona sare!" nikamgeukia. "Mimi nimewahi kuja kwenye cherehani yako nikakuambia uzi umelegea? Nimewahi?"

Akanywea. Akaanza kukunja na kukunjua mfuko aliokuja nao. Muuzaji alikuwa ananitazama juu ya miwani yake.

"Fundi, umeridhika mwenyewe?"

"Nimeridhika."

"Vitu vilivyotumika havirudi, unajua."

"Najua kuliko wewe."

Akasita kidogo, akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Umeridhika kweli?" Leo naelewa kwamba mzee yule alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Siku ile nilimwona msumbufu tu. Nikatoa fedha zote nikaziweka mezani.

Mchana uleule nikafunga kila kitu sebuleni kwa Mama. Nikapitisha waya pembezoni mwa ukuta nikazibana kwa misumari midogo, asije akajikwaa. Spika ya katikati nikaiinua mbele kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa, ielekee kwenye kiti chake. Saa kumi ikafika, tamthilia ikaanza, mwanamke mmoja akasema, "Sikuja kukuomba msamaha," na Mama akashtuka, akaweka mkono kifuani.

"He! Wamo humu ndani!"

Dada akacheka. Mimi nikatazama pembeni maana machozi yalikuwa karibu. Yule mwanamke akanyamaza, mwanamume naye hakujibu, sebule ikatulia. Mama akainamisha kichwa upande mmoja.

"Na huo mluzi ni wa nini?"

Dada akatazama chini. Hakusema, "Nilikuambia." Angesema, ningepata mtu wa kugombana naye.

"Mluzi gani, Mama?"

"Huo hapo. Haukatiki. Unaingia kama sindano."

Nikazunguka nyuma, nikabandika sikio kwenye twita. Nikabandika na la kushoto. Hamna kitu. Nikasema ni jambo dogo, ni vile vidude vya ndani vinavyotuliza umeme, vimezeeka, nitavibadilisha. Na nilivibadilisha. Jumatatu nilifunga banda langu mapema, nikaenda, nikafungua risiva, nikabadilisha viwili. "Sasa je, Mama?" Bado. Jumanne nikabadilisha vingine vitatu, nikakaza kila waya. "Sasa je?" Akasita. "Bado, baba. Labda umepungua." Fundi mzima nimepiga magoti na bisibisi mkononi, namwuliza mtu mwingine kama kazi yangu imekamilika. Tangu nianze kushika koleo sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Jumatano nilibadilisha kidude cha mwisho nilichokuwa nacho. Nikawasha. Mama akasikiliza muda mrefu, uso ameuelekeza kwangu.

"Umeondoka," akasema. "Kimya kabisa. Ahsante, baba."

Niliruka! Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Kweli, mimi mwenyewe sikusikia tofauti yoyote, Jumamosi hadi Jumatano ilikuwa sauti ileile, ila hilo nililisukuma pembeni. Kilichokuwepo kimeondoka, na kimeondoka kwa mikono yangu. Kesho yake nilimwita msusi nikamwambia alete ile amplifaya yake, nitamtengenezea bure.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwa Mama alasiri bila kumwambia. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani tamthilia inaendelea, risiva inawaka, spika tatu zinasema vizuri. Mama yuko kwenye kiti chake. Mama huyu ananitambua kwa hatua zangu tangu nikiwa uani, na siku ile nilivuka sebule yote hakugeuka. Nikasimama mbele yake kabisa. Nikaona pamba. Alikuwa amejaza pamba masikio yote mawili, ameishindilia.

Nikamgusa bega. Akaruka, akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kovu la kidole gumba. Akajua ni mimi. Akaanza kutoa pamba haraka haraka, anaificha kwenye kiganja.

"Karibu, baba, ilikuwa baridi tu ya masikio."

"Mama, mluzi bado upo?"

Akazidi kuifumbata pamba kiganjani.

"Mama."

"Upo."

"Haujawahi kuondoka?"

"Haujawahi."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwuliza kwa nini alinidanganya, na kwa nini basi asiizime hiyo risiva akae na televisheni yake, kuliko kujiziba hivyo. Akasema ningekuja ghafla nikaikuta imezimwa ningejua. Akasema na dada yangu pia alijua, wao wawili walikubaliana Jumatano mchana.

"Daktari alipowaambia habari ya macho yangu," akasema, "mlinificha miezi miwili. Mlidhani sikuja kujua. Nilijua, nikawakasirikia sana. Lakini ile miezi miwili mwanangu niliishi. Nilidhani ni miwani tu inahitaji kubadilishwa. Nilipika, nilifuma, nilikuwa na raha zangu. Nikasema na wewe upate hata kidogo."

Niliona banda langu, meza, koleo zimetundikwa, amplifaya ya msusi iliyokuwa inanisubiri, na sikujua Jumatatu nitaifungua nifanye nini. Fedha ya kununua nyingine hakuna. Maneno ya Mama, baada ya ile televisheni, mimi nimemnyang'anya mara ya pili, kwa kiburi changu, na fundi wa kumwomba msaada ndiye mimi huyuhuyu. Sina ufundi mwingine. Nimekwisha, nikawa nasema moyoni, nimekwisha, nimekwisha.

Nikainuka nikaizima risiva. Nikapita nyuma ya meza, nikapiga magoti nikaanza kuchomoa waya moja moja, mgongo nimempa Mama, ili nipate kitu cha kufanya na mikono.

"Ukoje huo mluzi?" nikamwuliza. "Niigizie."

"Aa, baba, wa nini tena?"

"Niigizie tu. Nataka kujua nimewarudishia wateja nini."

Akanyamaza. Nikangoja. Nikachomoa waya wa kulia, nikachomoa wa kushoto, nikazikunja. Nikadhani ameona haya.

"Haya, Mama, toa huo mluzi basi."

"Nimeshatoa, baba," akasema. "Mara mbili."