Mkoromo wa Kazija

Baada ya sala ya adhuhuri Kazija alijinyoosha chali kitandani, akaanza kukoroma. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na miguu imemvimba, ukiibonyeza inabaki shimo. Mamake, Bi Mwatima, alikuwa akimenya muhogo pembeni alipoona punje ya mchele imeingia kwa dirisha. Ikaja ya pili, ikafuata ya tatu, zimejipanga mstari kuelekea puani mwa mwanawe.

Bi Mwatima akachungulia nje. Mstari ulitoka kwenye ufa wa mlango wa stoo ya Bwana Muhiddin, ng'ambo ya kichochoro, ukavuka hewani kila Kazija alipovuta pumzi. Bwana Muhiddin ndiye aliyegawa mchele wa mtaa, na huu ulikuwa mwezi wa tatu akiwaambia watu meli haijaja.

"Anatamani wali tangu mimba changa," alisema Bi Mwatima. "Mja mzito hanyimwi." Akaenda kutafuta ungo.

Mchele wenyewe, kha! Umefanya ukungu, fukusi wanatambaa, mavi ya panya yanakaribia kushinda punje. Ulifichwa hata ukavunda. Ulipochemka nyumba nzima ilinuka mzoga, nao wakala, maana muhogo wa kila siku ulishawakinaisha.

Kufika Ijumaa majirani walijaa chumbani, nyungo mapajani. Kazija akigeukia ubavu, Mwatum wa nyumba ya pili humrudisha chali kwa mikono miwili.

"Lala hivyo hivyo, mwenzangu. Wanangu hawajala."

Kazija hulala kidogo, akakabwa pumzi, akaamka akitema fukusi kwenye kanga. Macho yamemwiva.

"Mama, nshachoka. Nnataka usingizi tu."

Bi Mwatima akawatazama wale wanawake wanavyochambua mchele juu ya tumbo la mwanawe. Akawatoa wote. Akampeleka Kazija kwa mkunga wa kliniki, naye akampima, akasema presha inapanda. Kukoroma huku na kuvimba huku si mambo ya kuchekea. Alalie ubavu wa kushoto, ainue kichwa kwa mito, arudi kila wiki.

Mito aliileta Bwana Muhiddin mwenyewe, miwili, mipya, ya sufi.

"Afya ya mama kwanza," alisema, akaipanga kwa mkono wake.

Ubavu wa kushoto ulimwelekeza Kazija ukutani. Mkoromo ukapungua, mchele ukakatika. Akalala mpaka alasiri, usingizi mtamu, tumbo tupu.

Jumatatu alisimama foleni na wenziwe. Bwana Muhiddin akatoka mlangoni, akakohoa.

"Meli haijaja."

Fukusi alikuwa akimpanda kwenye kola ya shati. Foleni nzima ilimwona. Mwatum akanyoosha kidole, akamtoa taratibu.

"Ahsante, dada."

"Haya, bwana."

Kazija akatema mate chini, akachukua ungo wake, akarudi nyumbani kulalia ubavu wa kushoto.