Ndiyo Iliyomfunga Mwiko

...hukukana shtaka, hukukana, jaji kauliza mara ya pili na Mwiko bado kaganda kizimbani, kaushika ubao kama mpishi aliyeinua chungu cha moto akakosa pa kukitua, maana akisema ndiyo ni ndiyo ipi, ndiyo sikukana au ndiyo nilikana, na hapana nayo ni nyoka yule yule kageuza kichwa, na akikosea leo rufaa imekufa, anarudi ndani, binti yake ataota meno ya ukubwani asimwone... ndiyo ndiyo iliyomfunga, hakimu wa kwanza, mwenye mafua, alimuuliza bila kuinua macho, hukuiba sufuria ya shule? naye kwa adabu za mama yake, kwamba mkubwa hajibiwi kwa ukali, akaitikia ndiyo, yaani ndiyo mzee, sikuiba, karani akagonga mashine, amekiri, watu wakaenda kunywa chai... sufuria yenyewe ya kubebwa na wanaume wawili, angeificha wapi, ndani ya sidiria? na wifi yake yule benchi la nyuma, kajipodoa kama bibi harusi, ndiye aliyeutangazia mtaa kwamba Mwiko kakiri kwa kinywa chake, na linalouma ni kwamba wifi, kwa mara moja maishani, hakuongopa... "Mama, umelisikia swali?" jaji anasema, sauti si mbaya, ya mtu anayeuliza njia, na Mwiko anamsikia Bibi Redio, kikongwe wa kitanda cha jirani gerezani, aliyejua habari kabla ya askari, alicheka mpaka akakohoa, "Shoga yangu, wenzio wamefungwa kwa kuiba, wewe umefungwa kwa kuitikia," na kila mlo akamtega, hujashiba? ndiyo, basi umeshiba, na sahani ikaenda, alimlia maharage mengi kikongwe yule, Mwiko akidhani ni ulafi tu, kumbe... kumbe ni darasa, kumbe maisha yote alikuwa akisogeza sahani mwenyewe, mume, hujachoka? ndiyo, akaongezewa nguo za kufua, mwalimu mkuu, huna neno? ndiyo, akaachiwa stoo ya sufuria, isiyo na kufuli... neno fupi ni nyumba isiyo na mlango, kila mtu anaingia na lake, lakini sikuiba, sikukiri, tazama, kila moja lina "si" yake mbele, kama mlinzi mlangoni, apite nani... karani kainua vidole juu ya mashine, wifi karefusha shingo, jaji anangoja, na wangoje, Mwiko kwanza anamweka mlinzi mlangoni, sikukiri, ndipo afungue kinywa.