Benchi la Waliofutwa

Jumatatu asubuhi mtakwimu aliwasha kompyuta, akasogeza kikombe cha chai mbali na kibodi, akaendelea kusafisha data pale alipoachia. Kazi yenyewe haikuwa na utamu wowote. Mashine yenye sauti ya binadamu ilikuwa imewapigia watu simu, ikawauliza kama wana simu zao wenyewe, kama wanaingia mtandaoni, kama wamewahi kujifunza kompyuta. Ambaye mashine haikumsikia ilimwandika "kimya", na utaratibu wa ofisi ni kwamba walio kimya wanafutwa. Akawafuta. Karibu wote walikuwa wanawake, ila hilo hakuna aliyemtuma aliangalie.

Alipotoka kwenda chooni aliwakuta wale wanawake wameshakaa kwenye benchi la korido. Mmoja alikuwa na unga mikononi, mwingine ananyonyesha, mwingine ameshika nguo mbichi ambayo hakuwahi kuianika. Waliitikia salamu kwa sauti za chini mno.

"Hawa wamefuata nini?" aliuliza mfanya usafi, huku akipitisha dekio.

"Nimewafuta."

"Haya, basi wanyanyue miguu."

Wakanyanyua.

Mchana akaja dada yake wa tumbo moja, na khanga yake ya kupikia, naye akakaa kwenye benchi. Mtakwimu alimpigia simu nyumbani kwake, kwa namba ya shemeji, maana dada hakuwa na yake.

"Dada, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi tena, jikoni. Sema upesi, shemeji yako anaitaka simu yake."

"Ile mashine ilikuhoji?"

"Ilinihoji, nikaijibu yote. Ila nilinong'ona, shemeji yako alikuwa sebuleni. Vipi, mafunzo yanaanza lini?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mafunzo ya ufundi wa kompyuta kwa wanawake yangefunguliwa mtaani kwa dada endapo tu utafiti ungeonyesha kwamba wanawake wameachwa nyuma. Dada alishayapangia maisha. Kila walipoonana aliyaulizia hata kabla ya kujuliana hali.

Mtakwimu alijaribu kumrudisha dada yake kwenye data. Kompyuta ilimtoa. Akamrudisha tena, ikamtoa tena. Kwenye benchi dada alikuwa anamenya vitunguu, na machozi yalikuwa ya vitunguu tu.

Siku ya kikao, mkuu wa utafiti, ambaye wafanyakazi wakiwa peke yao walimwita Bwana Asilimia, alisimama na kusoma matokeo. Wanaume na wanawake wako sawa kwenye teknolojia. Pengo limeziba, kwa hiyo mafunzo hayahitajiki. Watu wakapiga makofi.

Mtakwimu akanyoosha mkono. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na aliyekuwa akitia saini ni mkuu huyohuyo.

"Samahani mkuu. Wale tuliowafuta hawakuwa kimya, walinong'ona. Wako hapo nje, tuwaulize tu."

"Nimewaona, wamejaza korido," alisema Bwana Asilimia, bila ubaya wowote. "Lakini mama, hatuwezi kumhesabu mtu kwa sababu tu amekuja. Kazi ina utaratibu."

Mtakwimu akarudia, safari hii kwa sauti kubwa mpaka glasi za maji zikatikisika. Muhtasari wa kikao ulikuwa unaandikwa na mashine ileile, na maneno yalikuwa yakijitokeza ukutani kila mtu ayaone. Ilipofika zamu yake pakaandikwa: Mtakwimu, kimya. Wajumbe walimwangalia, kisha wakauangalia ukuta, wakauamini ukuta.

"Basi, kama hakuna pingamizi, tumepitisha," alisema Bwana Asilimia.

Mtakwimu alitoka nje, akajikuta ameshakaa kwenye benchi, kando ya dada yake, viatu amevua. Akiwa bado amesimama, alijitazama yule aliyekaa. Alikuwa amekonda kuliko alivyodhani. Akajisalimia pamoja na wengine, akaitika.

"Mdogo wangu, vipi mafunzo?" dada wa kwenye benchi alimnong'oneza yule aliyesimama.

"Hayapo, dada. Wamesema tuko sawa."

Dada hakubisha. Akamgeukia mdogo wake aliyekaa, akamwomba asogee aache nafasi, maana kule kikaoni mhasibu, mwanamke pekee aliyebaki ndani, alikuwa amenyoosha mkono.