Bafu la Shemeji

Shemeji alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Nalitanguliza hilo ili mtu asidhani sikuliona. Nililiona siku ya tatu tu, nilipompa mwiko apake ukuta wa stoo, mahali ambapo hata akiboronga hakuna wa kutazama. Alipaka kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni alale.

Alikuwa amemwoa dada yangu. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, wakahamia chumba cha uani kwangu, nami nikamfundisha kazi. Saruji laini, ile ambayo watu wa dukani huiita mikrosimenti, ni ngozi tu. Unene wake ni kama sarafu mbili, na unaipaka juu ya vigae vya zamani bila kuvibomoa. Wenye nyumba wanaipenda kwa sababu haina mistari. Lakini mafuta ya sabuni usipoyasugua kwanza, inabanduka. Mifereji kati ya vigae usipoijaza, inarudi kukuchungulia baada ya mwezi. Na ukiziba kwa vanishi kabla unyevu haujatoka, umekwisha.

Kwa hiyo tunapima. Jioni unabandika kipande cha nailoni sakafuni, selotepu pande zote nne. Asubuhi unabandua. Ikiwa nailoni imetoka jasho, unasubiri.

Msanifu mmoja alikuwa na nyumba ishirini za kukarabati. Alitupa mabafu mawili ya nyumba ya mfano, mimi moja, Shemeji moja. Atakayemridhisha angekuwa fundi mkuu wa nyumba zote, na mwingine angefanya kazi chini yake. Siku hiyohiyo dada akaanza kuulizia nyumba za kupanga.

"Kaka, ukinuna hivyo uso utapasuka kama plasta," aliniambia akianika nguo. "Mwanafunzi akimpita mwalimu, sifa si za mwalimu?"

"Sifa mpeni yeye. Ukuu nipeni mimi."

"Thubutu! Wewe unapaka, mwenzio anabembeleza."

Mke wangu akacheka. Mke wangu mwenyewe.

Bafu langu lilitoka vizuri. La kwake lilinisimamisha mlangoni. Kuta zilikuwa na rangi ya majivu, tulivu, huoni mwiko ulianzia wapi wala uliishia wapi. Msanifu alipita, akapapasa kwa kiganja, akaniuliza mimi, "Huyu umemtoa wapi?"

Asubuhi ya kupaka vanishi nilitangulia kufika. Shemeji alikuwa amepitia dukani kuchukua roli ya kupakia vanishi. Nikaingia bafuni kwake, nikabandua nailoni upande mmoja. Matone, kama chini ya mfuniko wa sufuria. Dirisha langu lilipata jua, la kwake lilitazama ukuta wa jirani. Sakafu ile ilitaka siku mbili zaidi, na msanifu angempa. Mtu aliyezipapasa kuta zile angempa hata wiki.

Nikaifuta nailoni kwa pindo la shati. Nikaifuta na sakafu. Nikabandika selotepu mpya, nikakunja kona kama alivyokuwa ameikunja yeye. Kisha nikaketi nje juu ya ndoo.

Alikuja akipiga mluzi. Akapiga magoti, akabandua, akaiweka nailoni shavuni.

"Kavu. Lakini hebu njoo, shemeji. Mbona hapa pana weusi?"

"Ulikandamiza mwiko. Ukikandamiza sana, panaiva na kuwa peusi."

"Kweli?"

"Nimekudanganya lini?"

"Hujawahi," akasema, akafungua kopo.

Kesho yake saa nne msanifu alikuta mawingu meupe sakafu nzima. Akakwaruza kwa ufunguo, vanishi ikanyanyuka kama utando wa maziwa.

"Umefungia maji."

"Nilipima, bosi," Shemeji akasema. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. "Nilipima kwa nailoni. Ilikuwa kavu. Muulize shemeji, tuliangalia pamoja."

Msanifu akanigeukia. Ningeweza kunyamaza tu, ingetosha.

"Mimi nilimwambia asubiri," nikasema.

Shemeji alinitazama. Nilimwona anahesabu: chumba cha uani, mke wake, godoro lao, mlango ambao ufunguo wake wa pili ninao mimi.

"Ni kweli," akasema. "Aliniambia."

"Mkono unao, masikio huna," msanifu akasema. Akanikabidhi funguo za nyumba zote ishirini palepale, bila hata kwenda kuliangalia bafu langu.

Jioni dada alinisalimia kama anavyomsalimia mwenye nyumba.

Jumatatu Shemeji alifika kazini kabla yangu, akasimama kando ya ndoo akisubiri kuambiwa. Nikampa kikwangulio na nyundo, nikampeleka bafuni kwake.

"Sakafu yote itoke," nikamwambia. "Na kuta."

"Kuta hazina kitu, fundi." Tangu siku ile haniiti tena shemeji.

Hazikuwa na kitu kweli. Zilikuwa kavu, hazina doa, na kila mteja ambaye angeletwa kuona nyumba ile angezipapasa na kuuliza nani amezipaka.

"Na kuta," nikasema. "Anza na hiyo ya mlangoni, nikuone."

Akainua nyundo.