Chini ya Terasi ya Mvule

Kitwana, fundi wa mbao wa Birere, mtaa wa Goma, alichagua mvule kutoka Walikale. Aligonga kila ubao kwa kidole, akasikiliza, akakataa zile mbichi. Terasi aliyomjengea Mama Sidonie, sakafu ya mbao nje ya nyumba, ilikaa kando ya ziwa, juu ya shimo la mawe ya volkano. Pande za chini aliziacha wazi ili hewa ipite.

Kisha waasi wakashika barabara ya Rutshuru, na Mama Sidonie akamwita tena.

"Ziba pande zote, fundi. Ukate na kifuniko katikati. Donat atajificha humo."

Donat, mumewe, alikuwa dereva wa jeshi la serikali. Mtaa mzima ulijua.

"Mama, chini kukikosa hewa, mbao zitaoza."

"Acha zioze. Bwana yangu asioze."

"Na vile alivyo munene, kifuniko kitakuwa mulango wa kanisa."

Donat alicheka. Mkewe hakucheka. Kitwana akaziba.

Usiku mmoja volkano ilitema majivu, naye akarudi asubuhi kuitunza terasi. Majivu yakilowa hula mafuta yaliyopakwa kwenye mbao, kwa hiyo aliyafagia makavu, taratibu. Halafu akafungua kifuniko ili aone kama unyevu umeanza.

Kuku, labda aliyetumbukia kifuniko kilipoachwa wazi, alikuwa amekufa chini, bila jeraha. Kando yake mende, miguu juu. Kitwana alifunga mshumaa kwenye kamba, akauteremsha. Mwali ulizimika kabla ya kugusa mawe.

Mazuku. Kila mtu wa Goma anaijua hewa hiyo ya ardhini, isiyo na harufu, inayojaa mashimoni na kuua. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiifagia. Sasa haukuwa na pa kupita.

Risasi zililia karibu. Donat alitoka mbio na blanketi, mkewe nyuma yake.

"Nipishe, fundi!"

"Humo kuna mazuku, Papa Donat. Muangalie kuku."

Donat aliangalia. Geti likaanza kupigwa.

Kitwana alifunga kifuniko, akavua aproni yake, akamrushia Donat pamoja na kitambaa cha mafuta. "Piga magoti. Paka."

Waasi waliingia na matope mpaka magotini. Mkubwa wao alipita juu ya kifuniko bila kukitazama.

"Huyu ni nani?"

"Musaidizi wangu, afande."

Mtu yule alichuchumaa, akapapasa ubao. "Muvule. Baba yangu alikuwa anapasua hii." Macho yake yalifuata kitambaa cha Donat, kilichokwenda kulia na kushoto, kikizikingama nyuzi za mti badala ya kuzifuata. "Musaidizi wako anapaka kinyume."

"Ni siku yake ya kwanza."

"Siku ya kwanza." Aliweka bunduki juu ya magoti. "Basi muonyeshe. Sisi hatuna haraka."

Kitwana alishika kifundo cha mkono wa Donat. Akakiongoza polepole, kufuata nyuzi, mpaka mwisho wa ubao. Alipoinua kichwa, mtu yule hakuwa akitazama mbao tena. Alikuwa anamtazama Donat usoni.