Kinamasi Kisicho na Ndege

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bernadeta aliegemeza baiskeli yake kwenye kigingi cha mpaka, akafuta darubini kwa pindo la khanga, akajiandaa kuhesabu ndege wa kinamasi cha Nyamalele, kando ya ziwa, nje kidogo ya Mkuyuni. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mitatu bila kukosa. Siku nyingine zote alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwanamke wa funguo nyingi na maneno machache. Lakini mwezi wa tatu na wa nne, ndege wageni wanapovaa manyoya mapya ili warudi kwao Ulaya wakiwa nadhifu, Bernadeta alikuwa mhesabu ndege, na chama cha wapenda ndege cha mjini kilimwamini kuliko kilivyoviamini vitabu vyake.

Asubuhi hiyo hakuona ndege hata mmoja.

Si kwamba hawakuwepo. Vitwitwi walikuwa wakipiga miluzi yao ukingoni, sululu wakiitana kwenye matete, na mnandi mmoja mzee akikoroma kama kawaida yake. Kwenye tope, nyayo za vidole vitatu zilijichora moja baada ya nyingine, zikasimama, zikageuka, zikaendelea. Samaki mdogo, sato, alichomoka majini, akapanda hewani, akageuzwa hadi kichwa kikatangulia, kisha akaisha kidogo kidogo kuanzia kichwani mpaka mkiani.

Bernadeta akafuta darubini tena. Kwenye daftari aliandika sifuri, akaikata. Akaandika "wengi", akaikata pia, maana fomu ya chama haikuwa na mahali pa wengi.

"Wako hivyo tangu Alhamisi," alisema shangazi yake, Kija, akitoka kwenye banda lake la jikoni na sahani ya viazi. "Kula kwanza. Wanasikika vizuri tu, hawajaenda kokote."

Huyu Kija alikuwa dada wa baba yake Bernadeta, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa ameishi ukingoni mwa kinamasi miaka thelathini na moja, katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili, akilima mboga za chainizi na majimbi na kufuga kuku wasiozidi kumi. Hakuwa mtu wa kushangaa. Ziwa lilipopanda na kuingia chumbani mwaka ule wa mvua nyingi, alipandisha kitanda juu ya matofali, akalala.

Jumatatu Bernadeta alikwenda kupima macho. Daktari akamwambia macho yake ni ya msichana wa miaka ishirini, akampongeza. Alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Afadhali angeambiwa anaumwa, angejua tatizo liko upande gani.

Jibu alilipata Jumanne, limebandikwa ukutani nje ya ofisi ya mradi. Mradi wenyewe, ndio uliopiga vile vigingi vya mpaka, ulikuwa wa kujaza kinamasi kifusi na kujenga ukumbi wa harusi wenye maegesho. Tangazo lilisema kwamba Kiambatisho cha Kwanza cha ripoti ya mradi, kilichothibitisha kuwa eneo la Nyamalele halina ndege wa aina yoyote, kimepitishwa Alhamisi iliyopita. Kiambatisho cha Pili, kilichothibitisha kuwa eneo halina wakazi, kingepitishwa Alhamisi inayofuata, saa kumi jioni. Chini yake kulikuwa na orodha ya wananchi waliothibitisha. Jina la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la shangazi Kija, nalo lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake yeye Bernadeta.

Alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo. Alikumbuka semina ya mwezi wa kwanza, ile ya utunzaji wa mazingira, iliyokuwa na soda, sambusa na bahasha ya nauli. Karatasi ya mahudhurio ilipita, kama inavyopita kwenye kila semina chini ya jua. Na nani hapa kwetu husoma karatasi ya mahudhurio? Mtu hutafuta mstari mtupu, akaandika jina, akampa jirani kalamu. Karatasi ilikuwa imekunjwa juu, kichwa chake kisisomeke, na Bernadeta aliona ni kukunjwa tu. Shangazi alikuwa ameshika soda mkono mmoja na sambusa mkono wa pili, basi akamwandikia. Aliona anamsaidia mzee.

Alhamisi saa kumi jioni alikuwa maabara, akiosha mirija na kujiambia kwamba karatasi haiwezi kumfuta mtu. Alipofika Nyamalele saa kumi na moja, hapakuwa na nyumba, wala bustani, wala kamba ya nguo. Palikuwa na tope na harufu ya moshi wa kuni.

"Pita, mlango uko wazi," ilisema sauti ya shangazi. "Angalia usimkanyage jogoo."

Bernadeta akapapasa mpaka akapata fremu ya mlango, akaingia. Alikaa kwenye kigoda asichokiona, akala ugali na dagaa ambao ladha yao ilikuwa ileile. Alitaka kusema kuhusu lile jina. Badala yake aliomba chumvi.

Asubuhi iliyofuata shangazi alitaka kwenda gulioni, na hapo ndipo walipogundua jambo jingine. Alipovuka tu kigingi cha mpaka, alionekana mzima mzima, na kitenge chake cha njano na ndoo ya chainizi kichwani. Aliporudi nyuma hatua moja, akatoweka. Akavuka tena, akaonekana. Alifanya hivyo mara nne, kisha akasema anachelewa wateja.

Bernadeta alifurahi, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kama shangazi anaonekana nje ya mpaka, basi aende ofisini aonekane, mambo yaishe. Jumatatu walikwenda wote wawili.

Mtaalamu wa mradi aliitwa Ishengoma, kijana mpole wa Bukoba, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alisimama walipoingia.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba," waliitikia.

Bernadeta akaeleza. Akaeleza karatasi ilivyokunjwa, akaeleza ndege, akamwonyesha shangazi kwa mkono mzima. Ishengoma alisikiliza yote bila kumkatiza, akaandika.

"Mama, bibi ninamwona," alisema. "Lakini ninamwona hapa. Kiambatisho hakisemi kwamba bibi hayupo duniani, Mungu apishe mbali. Kinasema hayupo Nyamalele. Kwa hiyo twende Nyamalele. Nikimwona kule, nafuta leo hii."

Lilikuwa neno la haki kabisa. Wakaenda kwa miguu, watatu. Shangazi alitangulia kwa sababu ndiye mwenyeji. Kwenye kigingi aliinua kitenge asiguse tope, akavuka, na kitenge kikaisha.

"Karibu, baba," ilisema sauti. "Maji ya chai yalishachemka, niliyaacha kwenye makaa."

Ishengoma alivuka. Aliongozwa kwa sauti hadi kwenye kigoda, akakaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, ingawa mikono yake ilishika kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mvuke ulipanda puani mwake. Akanywa, akasifu tangawizi, akaongezewa. Kutoka juu, ndege asiyeonekana alimwangushia kinyesi begani. Kilipoachana na ndege kilionekana vizuri, cheupe, chenye doa la kijani katikati. Ishengoma akatoa karatasi laini mfukoni, akajifuta, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Kisha akafungua faili juu ya magoti yake, akaandika: *Eneo limekaguliwa. Hakuna ndege. Hakuna mkazi.*

"Lakini umekunywa chai yake!" alisema Bernadeta.

"Nimekunywa, mama, na nashukuru. Fomu haina swali la chai." Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Bernadeta zaidi. "Bibi, ahsante sana. Mungu akubariki."

"Amina, baba. Karibu tena."

Alipoondoka, Bernadeta alilia, akitazama mahali ambapo alidhani ndipo uso wa shangazi ulipo. Akasema yote. Kwamba ni yeye aliyeandika jina, kwa mkono wake, bila kuulizwa.

"Najua," ilisema sauti, kutoka upande mwingine kabisa. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nilikuona."

"Mbona hukunizuia?"

"Ulikuwa unaandika vizuri," alisema shangazi. "Nilipenda kutazama."

Bernadeta alimsihi ahame. Alikuwa na chumba cha ziada nyumbani kwake Buswelu, chenye dirisha na umeme. Shangazi akakataa. Alisema akivuka kile kigingi na godoro kichwani atakuwa amekubali yale maandishi, na yeye hakusoma hata darasa moja ili aje kukubali maandishi uzeeni.

Mwezi wa nne ndege wageni waliondoka. Bernadeta alisimama ukingoni alfajiri na daftari lake. Kwanza ilikuja sauti ya mabawa mengi, na matete yakalala upande mmoja. Kisha, juu ya ziwa, pale vilipoishia vigingi vya mpaka vilivyopigwa majini, ndege walianza kutokea mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mlangoni baada ya misa: vitwitwi mia na kumi na mbili, sululu arobaini, na membe ambao aliwakosea hesabu kwa sababu ya machozi. Walipanga mistari yao, wakaelekea kaskazini. Chama kilikataa ile fomu. Waliandika kwa heshima kwamba ndege waliohesabiwa walikuwa wa ziwani, na kinamasi chenyewe kinajulikana hakina ndege.

Malori ya kumwaga kifusi, matipa, yalianza wiki iliyofuata. Dereva wa tipa la kwanza aliitwa Chenge, Msukuma wa Magu, mtu mwenye adabu. Kila asubuhi alipiga honi mara mbili, akachungulia dirishani, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka," iliitikia sauti. "Rudi nyuma kidogo, mwanangu, nitoe kuku."

Chenge alirudi nyuma, akasubiri mpaka kuku watulie upande mwingine, akauliza kama tayari. Akijibiwa tayari, alimwaga. Hakumwaga hata siku moja bila kuuliza, na hakuacha kumwaga hata siku moja. Kila alipomwaga, shangazi alisogeza mabati, kitanda na masufuria hatua chache kuelekea majini. Kifusi kilisogea, naye akasogea. Upande wa nchi kavu, nyuma yake, watu wa mradi walijenga ukuta, na getini wakamweka mlinzi ambaye hakuwa na ruhusa ya kuingiza mtu asiye kwenye orodha.

Kwa hiyo Bernadeta alianza kwenda kwa mtumbwi mwembamba wa watu wawili tu, Jumamosi moja baada ya nyingine, akiwa na hotipoti ya chakula mapajani. Elias, mvuvi aliyempeleka, alijua mahali pa kusimama kwa kusikiliza kuku. Mwezi wa sita kuku walikuwa juu ya paa. Mwezi wa saba maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya shangazi, kwa maelezo yake mwenyewe, naye alisema si ya baridi sana. Upande wa ukuta, ukumbi ulikuwa umeshapigwa rangi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo harusi ya kwanza ilikuwa inaendelea, na mshereheshaji alikuwa akiwaomba wageni wasimame.

Bernadeta alinyoosha hotipoti juu ya maji. Uzito ulimtoka mikononi, na hotipoti ikatoweka.

"Leo ni samaki?" iliuliza sauti.

"Ni nyama, shangazi. Yamefika wapi?"

"Kiunoni."

Bernadeta aliomba, aliapa, aliita majina ya marehemu baba yake. Alisema basi imetosha, liandikwe lolote litakaloandikwa, wao wenyewe wanajua ukweli. "Vuka, shangazi. Nakuomba. Vuka tu."

Kijiko kiligonga ukingo wa hotipoti.

"Sawa," alisema shangazi Kija. "Nivukie upande upi?"

Bernadeta alitazama ukuta, na mlinzi aliyekuwa juu ya ngazi akifunga taa za rangi. Akatazama kigingi cha mwisho kule ziwani, ambako maji yalikuwa ya kina cha watu watatu. Elias naye akatazama, akashika kasia, akamsubiri Bernadeta amwambie waelekee wapi.